Barua ya wazi kwa wamiliki wa kampuni za kukodisha magari na Maafisa Kazi wa Arusha na Kilimanjaro

Waheshimiwa wamiliki na wakurugenzi wa kampuni za kukodisha magari,
Waheshimiwa Maafisa Kazi wa mikoa ya Arusha na Kilimanjaro,

YAH: SAA ZA KAZI NA MAPUMZIKO YA WAFANYAKAZI WA MATAWI YA KUKODISHA MAGARI

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mfanyakazi wa kaunta katika tawi la kampuni ya kukodisha magari jijini Arusha. Naandika kwa niaba yangu mwenyewe, ingawa haya nimeyazungumza mara nyingi na wenzangu wa matawi mengine ya hapa mjini na ya Moshi, na sijakutana na hata mmoja aliyeniambia kwamba kwao hali ni tofauti sana. Sitaitaja kampuni ninayoifanyia kazi, kwa kuwa nia yangu si kumshitaki mwajiri mmoja mbele ya umma. Nia yangu ni kuomba jambo moja ambalo sheria ya nchi ilishatupa, na ambalo taratibu za matawi yetu zimetunyang'anya kidogo kidogo bila mtu yeyote kukaa kikao na kuamua hivyo, nalo ni mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi ya siku moja na kuanza kazi ya siku inayofuata.

Kwa anayeitazama kutoka nje, kazi yetu inaonekana ni ya kukaa ofisini na kutoa ufunguo. Tawi la kawaida lina karani wa kaunta, dereva wa kupeleka na kurudisha magari, mwosha magari na msimamizi, na mara nyingi wawili kati ya hao ni mtu yule yule. Mgeni anayekodi RAV4, au Land Cruiser yenye hema juu ya paa, ili ajiendeshe mwenyewe hadi Tarangire, Manyara, Ngorongoro na Serengeti, ana mengi ya kukabidhiwa zaidi ya ufunguo. Leseni yake inakaguliwa, mkataba unasomwa ukurasa kwa ukurasa, dhamana inapokelewa, gari linazungukwa na kila mkwaruzo unaandikwa, spea inashushwa aione, jeki na spana ya magurudumu vinahesabiwa mbele yake, anafundishwa kukunja na kukunjua hema, na anakumbushwa kwamba huku tunaendesha upande wa kushoto na kwamba kwenye makazi ya watu mwendo ni kilomita 50 kwa saa. Kuifanya kazi hiyo vizuri huchukua karibu saa nzima. Kisha kuna gari lililorudi asubuhi likiwa na vumbi jekundu la Karatu mpaka ndani ya mifuko ya viti, tairi moja limezibwa pancha njiani na fundi ambaye hatumjui, na mteja mwingine amekwisha kulilipia gari hilo hilo alichukue saa 8 mchana. Hapo karani huvua shati la ofisi na kusaidia kuosha.

Kazi hii tunaipenda, na sisemi hivyo kwa kutaka kuwafurahisha. Kumpa mgeni gari zima, na kumwona akirudi baada ya siku kumi akisimulia aliyoyaona Ndutu, ni jambo linalompa mtu heshima yake. Ninacholalamikia ni kwamba siku ya kazi haina mwisho unaojulikana.

Kiini cha tatizo kipo kwenye barabara ya KIA. Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA) uko wilayani Hai, takriban kilomita 50 kutoka Arusha na takriban 40 kutoka Moshi, na ndege nyingi za kimataifa zinazotuletea wageni hutua jioni au usiku. Kaunta inafunguliwa kwa saa za ofisi, lakini magari yanatoka kwa saa za ndege, na kati ya saa hizo mbili yuko mtu mmoja ambaye hakuna aliyemhesabu.

Naomba mfikirie usiku mmoja wa kawaida wa mwezi Julai. Mfanyakazi amefungua kaunta saa 1 asubuhi. Saa 11 jioni anaondoka mjini na dereva wakiwa na magari mawili, moja la mteja na jingine la kuwarudisha, ili wawahi ndege ya saa 2 usiku. Ndege inachelewa, na hakuna wa kulaumiwa. Inatua saa 5, mgeni anapita uhamiaji, anasubiri mizigo, na anatokea nje baada ya saa 6. Gari linakaguliwa kwa tochi ya simu, mmoja ameinama kutazama ubavu wa mlango na mwenzake ameshika karatasi juu ya boneti. Mgeni, ambaye amelala ndani ya ndege, anawatazama kwa huruma na kuomba radhi kwa kuwachelewesha. Safari ya kurudi inapitia Kikatiti, Maji ya Chai, Usa River na Tengeru, na katika safari hiyo kuna kanuni ambayo haikuandikwa popote lakini kila mfanyakazi wa tawi anaijua: aliyekaa kiti cha abiria haruhusiwi kusinzia. Kazi yake ni kumzungumzisha dereva. Wanaingia mjini karibu saa 8 usiku, gari linaegeshwa, karani anatafuta bodaboda ya kumpeleka Kwa Mrombo au Ngaramtoni kwa nauli ya usiku, na saa 1 asubuhi anatakiwa awe amefungua kaunta, kwa sababu mteja mwingine ameahidiwa gari saa 1 na nusu.

Mtu huyo amekuwa kazini kwa saa 19, na amepata saa 5 za kwenda nyumbani, kulala, kuamka na kurudi. Tafiti za usingizi zimeonyesha kwamba mtu aliyekaa macho kati ya saa 17 na 19 hupungukiwa na umakini kwa kiwango kinachofanana na cha mtu mwenye asilimia 0.05 ya kileo katika damu, au kibaya zaidi. Hakuna mmiliki hata mmoja miongoni mwenu ambaye angemruhusu mfanyakazi aliyekunywa bia ashike usukani wa gari la kampuni usiku kwenye barabara ya Moshi, yenye malori, bodaboda zisizo na taa na watu wanaovuka kwa miguu. Kwa upande wa uchovu, ruhusa hiyo inatolewa kila wiki, na tena hutolewa kama amri. Wala hatari haiishii kwetu. Karani huyo huyo aliyelala kwa muda wa saa tatu tu ndiye atakayemwambia mteja wa asubuhi kwamba nati za magurudumu zimekazwa.

Sheria inasema wazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, inaweka ukomo wa saa za kawaida kuwa siku 6 kwa wiki, saa 45 kwa wiki na saa 9 kwa siku. Inakataza mwajiri kumtaka, au hata kumruhusu, mfanyakazi afanye kazi zaidi ya saa 12 kwa siku yoyote. Saa za ziada zinafanyika kwa makubaliano tu, hazizidi 50 katika kipindi cha wiki nne, na hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa. Kuna mapumziko ya dakika 60 kwa anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo, mapumziko ya saa 24 kila wiki, na yale mapumziko ya kila siku ya saa 12 mfululizo ambayo ndiyo msingi wa barua hii.

Nimeona watu wakidhani kwamba ukiukwaji huanzia kwenye safari za KIA. Haiko hivyo. Matawi mengi ninayoyafahamu hufunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni, siku sita kwa wiki, na karani yule yule hufungua na kufunga. Ukiondoa saa moja ya chakula, ambayo kwa kweli huliwa nyuma ya kaunta huku simu ikipokelewa, hizo ni saa 10 kwa siku na 60 kwa wiki. Zinazozidi 45 ni 15 kila wiki, yaani 60 kwa wiki nne, na ukomo wa sheria ni 50. Tawi linakuwa limeshavunja sheria kabla ya gari hata moja kutoka kwenda uwanja wa ndege.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio ya pamoja kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunahusishwa na ongezeko la takriban asilimia 35 la hatari ya kupata kiharusi, na takriban asilimia 17 la hatari ya kufa kwa maradhi ya moyo yatokanayo na mishipa kuziba, ikilinganishwa na mtu anayefanya kazi saa 35 hadi 40. Sisi tunaanza na 60. Wengi wetu ni vijana na tunadhani mwili hautadai, lakini wapo miongoni mwetu wenye umri wa miaka hamsini na zaidi ambao wameendesha magari ya kampuni hizi tangu walipokuwa vijana.

Mnapoelezwa haya, jibu la kwanza huwa kwamba muda wa kusubiri ndege si kazi, kwa kuwa mtu amekaa tu kwenye maegesho. Hoja hiyo naipinga kwa nguvu zote. Mtu aliyekaa kwenye maegesho ya KIA saa 4 usiku na ufunguo wa gari la kampuni mfukoni hawezi kwenda nyumbani, hawezi kulala kwa amani, hawezi kumsaidia mtoto wake kazi za shule. Amri iliyomweka pale ni ya mwajiri. Sheria yenyewe, inapozungumzia saa ya mapumziko ya mchana, inasema mwajiri halazimiki kuilipia isipokuwa pale anapomtaka mfanyakazi afanye kazi au awe tayari kwa kazi katika muda huo. Ikiwa kuwa tayari kunahesabika katika saa ya chakula, sioni namna gani kusihesabike katika saa tatu za kusubiri ndege usiku. Vivyo hivyo kwa simu ya dharura ya tawi, ambayo hubebwa nyumbani na mtu mmoja wiki baada ya wiki, na ambayo hulia saa 9 usiku kwa sababu mgeni amefungia ufunguo ndani ya gari huko Mto wa Mbu.

Jambo jingine linaniuma zaidi. Baadhi ya kampuni humtoza mteja ada ya ziada anapochukua au kurudisha gari nje ya saa za kazi. Ada hiyo imeandikwa kwenye mkataba na mimi ndiye ninayemweleza mteja. Kwa hiyo kampuni inakubali, kwa maandishi, kwamba kumhudumia mtu saa 6 usiku ni kazi yenye thamani ya peke yake. Saa hiyo inauzwa kwa mgeni, lakini kwa mfanyakazi hainunuliwi. Hupewa kitu kinachoitwa posho ya KIA, ambayo mara nyingi huishia kwenye bodaboda ya kurudi nyumbani. Kwa mfano wa hesabu tu, mtu mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 450,000 kwa mwezi, kwa saa 45 za wiki, anapata takriban shilingi 2,308 kwa saa. Mara moja na nusu yake ni takriban 3,460. Akifanya saa 50 za ziada zinazoruhusiwa katika wiki nne, anadai zaidi ya shilingi 173,000, na hapo nyongeza ya usiku bado haijaguswa. Hiyo ni kodi ya chumba na ada ya mtoto. Hata hivyo nasisitiza kwamba fedha naiweka nafasi ya pili. Mkitulipa kila senti na kuendelea kutuondolea usingizi, tatizo la barabarani litabaki pale pale.

Kuna pia mtindo wa vyeo. Karani anaitwa siku moja na kuambiwa kwamba sasa yeye ni msimamizi msaidizi wa tawi, anapongezwa, mshahara unaongezwa kidogo au hauongezwi kabisa, na tangu siku hiyo akiuliza kuhusu saa za ziada anajibiwa kwamba yeye ni uongozi. Ni kweli kwamba sheria imewaondoa kwenye ukomo wa saa wale wanaowasimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na kuwajibika moja kwa moja kwa menejimenti ya juu. Lakini msimamizi msaidizi ambaye hawezi kuajiri, hawezi kumpa mtu likizo, hawezi hata kuidhinisha ununuzi wa tairi bila kupiga simu makao makuu, na ambaye bado anaosha magari, anamsimamia nani? Nawaomba Maafisa Kazi watazame kazi anayoifanya mtu kabla ya kutazama kadi aliyochapishiwa.

Nafahamu hoja ya wamiliki kuhusu msimu, na sitaki kuidharau. Biashara hii inaishi kwa miezi ya Juni hadi Oktoba, kisha Desemba hadi Februari. Masika yanapoanza mwezi Machi, magari yanalala uani na marejesho ya mkopo wa benki hayalali. Anayekosa wateja wa Julai hadi Septemba, nyumbu wanapovuka Mto Mara, amekosa mwaka. Nayaelewa haya kwa sababu barua za kupunguzwa kazi wakati wa masika hutufikia sisi. Lakini jawabu la msimu ni watu zaidi katika msimu. Vijana waliosomea utalii na udereva wapo tele Arusha na Moshi. Sheria pia imeacha mlango wa kukokotoa saa kwa wastani wa kipindi kirefu, ili miezi ya kazi nyingi ifidiwe na miezi ya kazi chache, ila mlango huo unafunguliwa kwa makubaliano ya pamoja na chama cha wafanyakazi. Wamiliki wanaotaka unyumbufu huo waache kuwatisha wafanyakazi wanaotaka kujiunga na chama, kwa sababu bila chama hakuna makubaliano, na bila makubaliano saa 45 zinabaki 45.

Kwa wamiliki, ombi langu ni dogo kuliko linavyoonekana. Aliyekabidhi gari usiku asipangiwe kaunta ya asubuhi. Akimaliza saa 8 usiku, arudi kazini saa 8 mchana, na kaunta ifunguliwe na mwingine. Kampuni zenye wageni wengi wa usiku ziweke mtu wa zamu ya usiku anayeishi Bomang'ombe au karibu na uwanja, na kampuni ndogo zishirikiane kumlipa mtu huyo, kama ambavyo tayari tunaazimana magari oda zinapozidi. Ratiba itolewe wiki moja kabla, si kwa ujumbe wa WhatsApp saa 12 jioni. Simu ya dharura izunguke na ilipiwe. Na anayemaliza kazi usiku wa manane, mwanamke hasa, apelekwe na gari la kampuni hadi mlangoni kwake, kwani magari ndiyo bidhaa tuliyonayo kwa wingi.

Kwa Maafisa Kazi, naomba ukaguzi, na naomba kuwaonyesha pa kuanzia. Mkifika tawini mtapewa daftari la mahudhurio, na ndani yake mtaona saa nzuri zilizoandikwa kwa kalamu moja: kuingia saa 2, kutoka saa 11. Lipokeeni, kisha ombeni faili la fomu za makabidhiano ya magari. Kila fomu ina tarehe, saa, kilomita za gari, kiwango cha mafuta, sahihi ya mteja na sahihi ya mfanyakazi aliyetoa au kupokea gari. Kampuni huzitunza kwa uangalifu mkubwa kwa sababu ndizo ushahidi wake mteja anapobishia mkwaruzo. Wekeni fomu za mwezi mmoja wa Julai au Agosti kando ya daftari la mwezi huo huo, fuateni jina moja, na mtaona mtu aliyetoka kazini saa 11 jioni akitia sahihi KIA saa 6 na nusu usiku, kisha akitia sahihi tena mjini saa 1 na nusu asubuhi. Hamtahitaji mfanyakazi yeyote ajitokeze kutoa ushahidi na kuhatarisha mkate wake.

Naomba ukaguzi huo ufanyike kabla ya mwezi Juni, msimu unapoanza, kwa sababu ratiba za msimu hupangwa mwezi Mei na baada ya hapo hakuna anayekuwa na nafasi ya kusikiliza. Vilevile, Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 limepangwa kuchezwa Tanzania, Kenya na Uganda, na Arusha inajengewa uwanja kwa ajili hiyo. Magari yatakayohitajika wakati huo yameanza kuzungumzwa kwenye vikao vya kampuni zetu. Idadi ya watu wa kuyakabidhi sijaisikia ikizungumzwa. Fomu za makabidhiano za msimu uliopita zipo kwenye makabati ya matawi, na zikiombwa kwa utaratibu wa sheria zinaweza kusomwa kwa siku moja.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mfanyakazi wa kaunta,
Tawi la kukodisha magari, Arusha